Usiku wa pili ndio mgumu

Wiki hii nakuomba radhi mapema, maana nitatoa siri za nyumba yangu hadharani. Mume wangu amesoma kisa hiki kabla hakijafika kwa mhariri, akacheka mahali pawili na kununa mahali pamoja. Kijana mwenyewe amesema niandike, mradi nisitaje jina lake.

Jioni moja mwezi wa Agosti 2024 stima zilipotea katika mtaa wetu hapa Nairobi. Hilo si jambo geni. Nikawasha mshumaa, nikaketi. Kifungua mimba wangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka 13 na mwanafunzi wa Gredi ya 8, alikuwa na simu iliyokwisha betri mkononi. Dakika ya tano akafungua friji iliyozimika, akaifunga. Dakika ya nane akaenda dirishani kuona kama majirani nao wamekosa. Dakika ya kumi akamchokoza dada yake hadi akalia. Mwishowe akanijia na uso wa mtu aliyefiwa.

"Mum, sasa tufanye nini?"

"Tukae," nikamwambia.

"Tukae tu?"

Alilitamka neno hilo kana kwamba nimemwambia ale udongo. Stima zilirudi baada ya dakika 40 hivi, na furaha aliyoonyesha ilinitia hofu kuliko lile giza.

Usiku huo sikulala upesi. Nilianza kuhesabu. Muhula huo pekee kijana alikuwa amekosa shule mara tatu kwa sababu ya maumivu ya tumbo, na mara zote tatu siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa hesabu. Nilikuwa nimempeleka kwa daktari, asione kitu. Kilichonishtua ni kwamba tumbo lilikuwa likipona saa tatu asubuhi, mara tu basi la shule lilipokwisha pita. Na ni nani aliyekuwa akimruhusu abaki? Ni mimi. Nikimwona amekunja uso, moyo wangu hauvumilii, nasema, "Basi lala, nitampigia mwalimu simu."

Wataalamu wa akili wana maelezo mepesi sana ya jambo hili, na ukishayasikia huwezi kuyasahau. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, moyo hupiga mbio, tumbo hukaza, viganja hutoa jasho. Hali hiyo hupanda kama mtu apandaye mlima, ikafika kileleni, kisha ikashuka yenyewe, kwa kuwa mwili hauwezi kukaa kileleni siku nzima. Lakini mtu akikimbia kabla ya kufika kileleni, hupata nafuu papo hapo, na akili ikaandika somo baya: "Nimepona kwa sababu nimekimbia." Kesho hofu ile ile itarudi ikiwa imenenepa. Mimi mama mtu, kwa huruma yangu, nilikuwa nikiilisha hofu ya mwanangu uji na maziwa.

Nikiwa katika mawazo hayo, baba mkwe akapiga simu kutoka Nkubu.

"Mwanangu, huyu kijana amefika. Desemba mleteni."

"Baba, tumesikia," nikajibu. Walioolewa Umeru wanajua jibu hilo hutumiwa na mkaza mwana ambaye hajakubali.

Kwa msomaji asiyejua desturi za sehemu hizo, mvulana wa Umeru au Embu anapotahiriwa hatoki siku hiyo hiyo akaendelea na mambo yake. Hutengwa kwa majuma kadhaa, akakaa katika kijumba chake pamoja na mwangalizi, akifundishwa utu uzima. Mama yake haruhusiwi kumwona. Kwa miaka mingi jambo hili lilifanywa baada ya mtihani wa KCPE mwishoni mwa darasa la nane. Tangu mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, wazazi hubishana ni gredi ipi iliyo sawa, lakini mwezi haujabadilika. Desemba ikifika, matatu zinazoondoka Tea Room hapa Nairobi hujaa wavulana wenye nyuso za mashaka.

Hofu yangu haikuwa kisu. Ilikuwa kijumba. Mwaka baada ya mwaka magazeti yameripoti habari za wavulana waliopigwa na vijana wakubwa wakiwa katika utengo huo pande za Meru na Embu, wengine wakalazwa hospitalini, na wengine wakapoteza maisha. Wapigaji wakiulizwa husema walikuwa wakiwakomaza. Nilimwambia mume wangu kwamba mwanangu hatapelekwa kukomazwa kwa fimbo kama punda. Yeye akaniuliza kama nataka akomazwe na friji na simu. Tukalala bila kusemezana, na huo ndio ukurasa alionunia.

Katika siku hizo nilifanya ambalo mwandishi hufanya akikosa amani, yaani kusoma na kuulizauliza wazee. Na nilichokipata kilinibadilisha mawazo kwa namna ambayo sikuitarajia.

Kwanza, zamani waliotahiriwa Umeru hawakuwa watoto. Walikuwa vijana waliopevuka, mara nyingi wakikaribia miaka 18 au wakiwa wameipita, wanaume wa kulinda mifugo na mipaka. Marika ya Kimeru yana majina yake, Miriti, Gichunge, Kiramunya na mengineyo, na kuingia katika rika kulikuwa sawa na kuandikishwa jeshini. Maji baridi ya mto alfajiri na kusimama bila kupepesa jicho kulikuwa mzigo uliopimwa kwa mabega ya mtu mzima. Leo tunambebesha mzigo ule ule mtoto wa miaka 13 ambaye sauti bado inapasuka, kisha tunashangaa akivunjika.

Pili, imani kwamba ushujaa hukaa ndani ya kisu imewahi kutugharimu vibaya, na waliolipa zaidi ni wasichana. Mwaka 1956, katikati ya siku za hali ya hatari, wazee wa Njuri Ncheke, kwa kushawishiwa na serikali ya mkoloni, walipiga marufuku ukeketaji katika Meru. Je, wasichana walishangilia? La hasha. Wengi walinunua nyembe, wakaingia vichakani na kukatana wenyewe kwa wenyewe. Walipewa jina la Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe." Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kukaidi amri hiyo. Mabinti hao hawakuwa wajinga. Waliamini kwamba bila yale maumivu wangebaki watoto maisha yao yote, wasiolewe wala kuheshimiwa.

Ilichukua miaka 40 kupata jibu lililowaridhisha watu wa huko huko. Mwaka 1996, kule Gatunga katika Tharaka, familia chache zikishirikiana na Maendeleo ya Wanawake zilianzisha Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walitengwa juma moja, wakafundishwa yote ambayo mabibi zao walifundishwa, wakatoka wakiwa wamevaa vizuri, wakachezewa ngoma na kupewa zawadi. Hakuna aliyekatwa. Utengo ulibaki, mafunzo yakabaki, wembe ukaondoka. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipopitishwa mwaka 2011, tayari kulikuwa na kina mama huko waliokuwa wakijua la kufanya mahali pake.

Na kwa wavulana? Hospitali ya PCEA Chogoria, iliyoanzishwa na wamishenari wa Scotland mwaka 1922, nayo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwatahiri wavulana na kuwaweka pamoja kwa juma moja wakifundishwa kuhusu miili yao, ukimwi na maisha. Makanisa mengi yamefuata mtindo kama huo.

Basi nikaanza kujiuliza. Ikiwa kisu si lazima, na fimbo ni uhalifu, ni kitu gani hasa katika kile kijumba kinachomfanya mvulana atoke akiwa mwingine?

Tulikubaliana na mume wangu masharti matatu, tukampelekea baba mkwe. Kijana atahiriwe na daktari kwa ganzi. Mwangalizi awe binamu wa mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu tunayemjua, naye alale humo kila usiku bila kukosa. Na kijana mwingine yeyote asiingie baada ya jua kutua. Baba mkwe alinyamaza muda mrefu kwenye simu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Wakati wangu, aliyenilinda alilala mlangoni. Hayo mnayoyataka si mageni." Nikaona haya kidogo.

Tukasafiri. Mwea tukapita mashamba ya mpunga, Embu tukanywa chai. Tulipokaribia daraja la Nithi, matatu nzima ilinyamaza, kama inavyonyamaza siku zote mahali pale. Julai 2022 basi lilitumbukia humo na watu zaidi ya 30 wakafa, na si mara ya kwanza. Nilimwona kijana amekaza vidole kwenye kiti. Nikataka kumwambia, "Usiogope, hakuna kitu," nikajizuia, maana kitu kilikuwapo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiogopa. Nikamwambia, "Mimi pia naogopa hapa." Akanitazama kwa mshangao. Tukavuka.

Baada ya kumkabidhi sikukaa Nkubu. Nilirudi kwetu, kwa mama yangu karibu na Runyenjes, nikangoje majuma mawili. Na hapa ndipo nilipogundua ni nani katika familia yetu asiyejua kukaa na jambo gumu. Siku ya kwanza nilipiga simu kwa shemeji mara sita. Ya saba mama akainyakua simu akaitia mfukoni mwa aproni yake.

"Mwanangu, twende tukachume kahawa."

Ilikuwa bado majira ya mavuno. Kahawa haichumwi kwa haraka. Unatafuta zilizoiva nyekundu moja moja, unaacha mbichi kwenye tawi lile lile, na ukichanganya utarudishwa nazo kiwandani uchague upya. Kwa saa nzima kifua changu kilikuwa kizito. Niliwaza kijana ana homa, kijana analia, kijana anapigwa. Mama hakuniambia niache kuwaza. Aliniuliza tu kila baada ya muda, "Debe limefika wapi?" Kufikia saa sita debe langu lilikuwa limejaa, na uzito kifuani ulikuwa bado upo lakini umekuwa mdogo. Kesho yake ulirudi, ukawa mdogo zaidi. Hakuna dawa niliyomeza. Nilikuwa nimekaa nao tu, mikono ikiwa na kazi.

Kijana alitoka Desemba hiyo hiyo, amekonda kidogo, amevaa nguo mpya zinazompwaya. Wanawake wakapiga vigelegele. Hatukumuuliza mengi, maana mengine si ya mama kuyasikia. Lakini tukiwa njiani kurudi, alinisimulia kipande kimoja bila kuulizwa.

"Usiku wa pili ndio mgumu," akasema. "Wa kwanza hujui. Wa pili unajua."

Usiku wa pili mvua ilinyesha juu ya mabati. Kidonda kilikuwa kikiuma, giza lilikuwa totoro, simu ilikuwa Nairobi, na mama alikuwa ng'ambo ya Nithi. Alilia. Ami yake hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia wanaume hawalii. Alimuuliza, "Hiyo hofu iko wapi?" Akajibu, "Kifuani." "Ina ukubwa gani?" "Kama gunzi la mahindi." Wakakaa. Ami akachochea moto. Baada ya muda akauliza tena, "Sasa?" Ikawa bado gunzi. Wakakaa tena. Alipouliza mara ya nne au ya tano, kijana hakumbuki, ilikuwa kama punje chache, naye akasinzia.

"Usiku wa tatu?" nikamuuliza.

"Ilikuja, lakini nilikuwa naijua."

Msomaji, nimefanya kazi hii ya kuandika makala kwa miaka kadhaa, nimehoji wataalamu wa nasaha katika maofisi yenye viyoyozi, na sijawahi kusikia mafunzo ya kushinda hofu yaliyoelezwa vizuri kuliko hayo ya mwalimu wa shule ya msingi na gunzi lake. Ukiitaja hofu mahali ilipo na kuipima, unaacha kuwa ndani yake na kuanza kuitazama.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililijua baadaye kutoka kwa mume wangu. Usiku wa nne vijana watano walifika na fimbo, wakitaka pesa na wakitaka "kumsalimia mgeni." Ami alisimama mlangoni akawaita mmoja mmoja kwa jina la baba yake, kwa kuwa watatu kati yao alikuwa amewafundisha. Waliondoka. Nikijaribu kufikiri ingekuwaje kama angekuwa amelala kwingine usiku huo, mikono yangu hutetemeka hata sasa. Kwa hivyo nasema waziwazi, mzazi asiyejua ni nani atakayelala na mwanawe katika kijumba hicho asimpeleke. Kumpiga mtoto aliye na kidonda ni kosa la jinai hata kama mpigaji anataja mila, na Sheria ya Watoto ya 2022 haikuacha mlango wowote hapo.

Huko Marekani, katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtaalamu mmoja aitwaye Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955, wakawachunguza tangu uchanga hadi utu uzima. Miongoni mwao walikuwapo waliolelewa katika umaskini, ugomvi na ulevi wa wazazi. Wengi wa hao walipata taabu utotoni au ujanani, lakini kama theluthi moja hivi walikua wakawa watu imara wenye kazi na familia. Walipotafuta sababu, mojawapo ya zilizojitokeza ni kwamba mtoto alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kuyumba, awe nyanya, shangazi, mwalimu au jirani. Taabu peke yake haikumkomaza yeyote. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba mkwe na yule aliyelala mlangoni.

Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alikasirika sana kaka yake alipopewa mbuzi na redio. "Na mimi nitatengwa lini?" akauliza mbele ya wageni. Wazee wakakohoa. Mama yangu alipopata habari alisema aletwe Runyenjes likizo ya Agosti iliyofuata, juma moja, bila simu, alale naye chumba kimoja na kufundishwa yale ambayo yeye alifundishwa, isipokuwa lile moja ambalo yeye mwenyewe hapendi kulitaja. Alikwenda. Siku ya tatu alipiga simu ya jirani akilia kwamba amechoshwa na anataka nyumbani. Nilimwambia nampenda na kwamba Jumamosi nitakuja kama tulivyoahidiana. Nikakata simu, nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Mmoja wa wasomaji wangu, mama wa Embakasi, aliwahi kuniuliza kama sisi tusio na shamba wala mila ya utengo tumepitwa. Sidhani. Kwetu sasa stima zikipotea hatukimbilii kwa jirani mwenye betri. Jumapili jioni simu zote, pamoja na yangu, huwekwa kabatini kwa saa mbili, na saa ya kwanza huwa ya ugomvi mtupu. Mtoto akisema anaogopa, hatumwambii aache. Tunamuuliza iko wapi, ina ukubwa gani. Bila shaka kuna hofu zisizotibiwa kwa kukaa. Mtoto asiyekula, asiyelala kwa majuma, au anayezungumza habari za kufa, huyo apelekwe hospitali leo hii, asingojeshwe hadi Desemba.

Januari 2025 shule zilifunguliwa, kijana akaingia Gredi ya 9, mwaka wa mtihani wa KJSEA. Juma la tatu mwalimu wa hesabu akatangaza jaribio. Asubuhi hiyo alitoka chumbani ameshika tumbo, amekunja uso ule ule ninaoujua. Simu yangu ilikuwa mezani, na nambari ya mwalimu iko juu kabisa. Niliendelea kupaka siagi mkate.

"Tumbo?" nikauliza.

"Mm."

"Kubwa kiasi gani?"

Akafikiri. "Gunzi."

Akala mkate nusu, akachukua begi, akateremka ngazi. Nilisimama dirishani nikamwona amesimama kwenye steji peke yake, mkono mmoja tumboni. Basi likaja, mlango ukafunguliwa, kondakta akasema neno ambalo sikulisikia. Kijana akatazama juu kwenye dirisha letu. Sikupunga mkono, nilikuwa nimeushika ule mwingine. Akapanda.

Jaribio alipata 38 kwa 100. Muhula huo wote hakukosa shule hata siku moja.